Mkeka wa Nyumba ya Waabudu

Bibi yangu alikataa kwenda umra mpaka kwanza atandike mkeka. Huo ndio ufupi wa habari, na kwetu Ibra, Omani, kila mtu anaujua, ila kila anayeusimulia hutia chumvi yake. Shangazi akisimulia, hata majini wamo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, skuli zimefungwa, na nilichukuliwa safari ile kwa sababu moja tu: Bibi alitaka mtu wa kumshika mkono kwenye vyoo vya njiani. Wenzangu ndani ya basi walikuwa wanakwenda kufanya ibada. Mimi nilikuwa mkongojo.

Nadhiri aliiweka zile siku za Mapinduzi. Alikuwa Unguja mjini na watoto wake watatu, mdogo wao ni Baba, hajaota hata jino. Hapo Bibi akasema na Mola wake: ukinifikishia watoto hawa Omani wazima, nitatandika mkeka wa mkono wangu mwenyewe, ukuta kwa ukuta, katika chumba cha mama yake baba yangu.

Huyo mama yake baba yake, Bibi hakumuona hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa kijiji kimoja upande wa Manah, na alipofiwa na mume akaingia na wanawe wawili katika nyumba ya waabudu, nyuma ya msikiti wa zamani. Ilikuwa nyumba ya wanawake wasio na waume, au walioona waume wamewatosha, kila mmoja na chumba chake, kazi yao kusali, kufunga na kuishi kwa sadaka za tende. Wale watoto baadaye ami yao akawachukua kwenda Unguja. Mama akabaki na sala zake. Mmoja wa watoto ndiye aliyemzaa Bibi.

Watoto wa Bibi walifika Omani wazima, wakasoma, wakapata kazi za serikali, wakanenepa. Nadhiri ikawa bado. Mara hakuna gari, mara babu mgonjwa, mara hakuna ukindu. Ibra imejaa mitende, na Baba alimwambia achukue makuti yake, kwani kuti ni kuti. Bibi akamtazama.

"Mkeka wa mtende ni wa kuanikia tende," akasema. "Mimi sikuahidi kuanika tende."

Basi ukindu ukaletwa kutoka Unguja, matita mawili ndani ya begi la binamu yake. Na hapo ndipo kilipoanza kipimo.

Baba yake Bibi alipokuwa mzee, akikumbuka kwao, alikuwa akisema: kile chumba cha mama, mimi na kaka yangu tukilala kichwa kwa miguu, upana umekwisha. Mama naye akilala miguuni petu, urefu nao umekwisha. Bibi maneno hayo aliyaweka moyoni kama Alhamdu. Kwa hiyo siku moja, baada ya chakula cha mchana, aliwalaza Baba na Ami sebuleni, kichwa kwa miguu, na kanzu zao. Akamtaka mama yangu alale miguuni pao. Mama akasema yeye hapimwi angali hai. Akalala Shangazi. Bibi akapita juu yao na kamba, anafunga fundo hapa na fundo pale, na Ami, ambaye ndiye mtu mrefu kuliko wote katika ukoo wetu, akaambiwa asikunje magoti, asimpunje Mola wake. Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyeona kasoro katika kipimo kile.

Bibi alisuka ukili, mkanda baada ya mkanda, kila baada ya Alasiri, mbele ya tamthilia za Kimisri, haelewi nusu ya maneno lakini anajua nani mwizi. Zile kili akaziunga moja kwa nyengine kwa kushona, akatia pindo kuzunguka, na mkeka ukatoka mweupe, hauna rangi hata moja, kwa sababu mwenye kusali, alisema, asishughulishwe na maua. Ulipokwisha haukutandikika sebuleni bila ya kuhamisha makochi yote.

Baba akapata nafasi katika basi la umra linalotoka Ibra. Lilikuwa linapita Nizwa, linasimama hapo kwa sala ya Adhuhuri na chakula, linachukua watu wa Nizwa, kisha baada ya Alasiri linashika njia ya mpakani. Baba alipiga hesabu yake: tukifika Nizwa tunachukua teksi, tunakwenda kijijini, tunatandika, tunarudi. Yeye ni mtu wa ofisi. Kwake kila kitu ni muamala, unapigwa muhuri unaondoka.

Mkeka ulilala katikati ya basi, umeviringwa, na kila aliyetaka kupita aliuruka akisema bismillahi, kwani Bibi alikuwa amekaa anaangalia miguu ya watu. Nizwa tuliupakia katika teksi. Ukaingia dirisha la huku ukatokea dirisha la kule, na tukapita mbele ya soko kama tumebeba kombora. Dereva teksi, kijana wa hapo hapo, aliuliza kama ndani kuna mtu.

"Bado," nikamjibu. Baba akanikanyaga mguu.

Mtaa wa zamani wa kijiji ulikuwa umehamwa. Watu wamejenga nyumba za saruji barabarani, na zile za udongo wameziachia mvua na mbuzi. Msikiti ulikuwa umesimama bado, mdogo, hauna mnara, ngazi zake zimelika katikati. Nyuma yake ulikuwa ukuta mrefu na milango midogo iliyopangana, chini chini, kama ya mabanda ya kuku. Sikulisema hilo, nililiweka. Funguo, tuliambiwa, anazo mama mmoja anayekaa upande wa pili wa falaji, huo mfereji wa maji wa mashambani.

Tukaenda kwa mama wa funguo. Alikuwa rika la Bibi, mwembamba, kanga yake ya rangi nyingi kama wavaavyo wanawake wa huko, na kisu kidogo mkononi. Alikuwa anakata mizizi ya vitunguu thomu uwanjani. Baba alisalimu na papo hapo akataka kuulizia ufunguo. Yule mama hakumsikia, au alimsikia akampuuza. Akatandika busati, akaleta tende, akaleta kahawa. Kisha ndiyo zikaanza zile habari: habari zenu, habari za nchi, habari za huko mlikotoka, na jibu kila mara hakuna habari, kheri tu, hata kama nyumba inaungua. Baba alitikisa kikombe chake mapema kuonesha ametosheka. Bibi hakutikisa. Alikunywa vikombe kama hana basi duniani.

"Nyinyi watu wa wapi?" akauliza yule mama, kwa Kiarabu.

"Ibra," akasema Baba.

Yule mama akamgeukia Bibi, kwa sababu Kiarabu cha Bibi kina Unguja ndani yake, na masikio ya watu hulisikia hilo mara moja. "Na wewe? Mtu wa wapi?"

"Hapa," akasema Bibi.

Akamtaja baba yake, na baba wa baba yake, na shamba lilikuwa karibu na nini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu kwenye nguo, akaenda ndani, akarudi na ufunguo wa chuma mrefu kama upawa wa mchuzi.

Chumba kilikuwa cha tatu katika ule mstari. Kila mtu pale anajua kilikuwa cha nani, alisema yule mama, kwa sababu ndicho chenye shubaka mbili ukutani, vile vijidirisha visivyotoboka vya kuwekea vitu, na mwanamke mwenye watoto ndiye pekee aliyehitaji shubaka ya pili. Alisukuma mlango. Kwanza ilitoka harufu, kisha tukaona: chumba kimejaa vitunguu thomu. Vimefungwa mafungu mafungu, vimetundikwa kwenye vigingi, vimerundikwa chini hadi magotini.

Yule mama aliona haya. "Pakavu hapa," akasema. "Na mwizi haji, anaogopa."

"Anaogopa waabudu au anaogopa thomu?" nikauliza. Safari hii mguu wangu haukuwa karibu na Baba.

Bibi hakukasirika. Alisema thomu ni neema, akapandisha mikono ya baibui, na sote tukaanza kuhamishia neema chumba cha pili. Baba alibeba mafungu huku anatazama saa, kanzu yake nyeupe imeshapata maganda mpaka kifuani. Chumba kilipobaki kitupu, Bibi akainama akaingia. Nikamfuata. Sote wawili tukasimama, na nikaona sina pa kuweka kiwiko.

Sidhani kama nitaeleza vizuri udogo wake. Chumba changu cha Ibra ni kidogo na huwa nakilalamikia. Hiki mtu mzima akisujudu, kichwa kiko ukutani na miguu iko mlangoni.

"Sicho hiki," akasema Bibi.

"Ndicho," akasema yule mama kutoka nje.

"Baba yangu alilala humu na ndugu yake, kichwa kwa miguu. Na mama yao miguuni."

"Ndicho, dada yangu. Shubaka mbili hizo."

Baba na dereva teksi walileta mkeka, wakaufungua. Ukatandikika mpaka ukuta wa kulia, ukapanda ukuta, ukarudi. Upande wa mbele ukakunjamana kwenye kibla, na upande wa nyuma ukatoka nje ya mlango, ukafika kwenye jua. Kwa kila hesabu, ulikuwa mkeka wa vyumba vinne. Dereva teksi alijikohoza akaenda kukaa garini.

Bibi alikuwa amesimama juu ya makunjo.

"Mama," Baba akasema taratibu, "baba yako alikuwa na umri gani alipoondoka hapa?"

"Mdogo. Alikuwa hajatahiriwa."

"Basi."

"Baba yangu alikuwa mtu mrefu."

"Baadaye, Mama."

Bibi aliitazama ile sakafu, na mimi nikamtazama yeye, nikaelewa kuwa miaka yote hiyo kichwani mwake kuna mtu mwenye ndevu na kilemba amelala chini, na ndugu yake mwenye ndevu naye kichwa kwa miguu, na sasa hivi ndiyo kwanza wanapungua. Aliinama akagusa udongo kwa kiganja, kisha akapima kwa mkono wake, kutoka ukutani, urefu wa mtoto wa miaka sita au saba. Halafu wa pili, ubavuni pake. Wakaenea.

"Wadogo," akasema. Ndilo neno pekee alilolisema kuhusu jambo hilo.

Baba, muamala wake ukiwa bado haujapigwa muhuri, akapendekeza tuukunje. Mkeka uliokunjwa mara mbili ni mkeka pia, na tena laini.

"Uliokunjwa umehifadhiwa," akasema Bibi. "Mimi nilisema utatandikwa." Akamnyooshea mkono yule mama. "Nipe hicho kisu."

Kufumua ni kazi ndogo. Mkeka ni kili zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Ukikata uzi, ukili mmoja unatoka mzima, ncha zake tu ndizo za kufunga. Bibi alikaa mlangoni akawa anafumua. Upana ukamalizika upesi. Urefu ndio ulikuwa na mambo. Urefu ni lazima ukate, na ukishakata, msuko unaachia, na bila pindo jipya wiki haiishi mkeka unakuwa makapi. Na pindo halishikiki na ukindu mkavu. Nikatumwa falaji na ndoo. Nikarudi, Bibi akalowesha miyaa, zile nyuzi za ukindu, iliyotoka katika mabaki, akangoja ilainike, akaanza upande wa kwanza.

Yule mama alikaa mbele yake, akatazama mkono. Na wao husuka, kwa kuti la mtende, na pindo lao linafanana. Akashika upande wa pili ili asaidie.

"Ahsante," akasema Bibi, akauvuta kidogo kidogo mpaka ukamtoka mkononi. "Nilisema mkono wangu."

Yule mama hakuchukia. Alirudia thomu yake.

Alasiri ikaadhiniwa. Simu ya Baba ikaita. Alikwenda kusimama kwenye ngazi za msikiti, tukawa tunasikia upande wake: ndiyo, tunakuja, la, hatujatoka, mama yangu, ndiyo, nafahamu kuna watu. Akarudi akachuchumaa mbele ya Bibi. Basi linaondoka, alisema. Watu wa Nizwa wameshapanda, na dereva anataka kuuwahi mpaka. Teksi ikikimbia sasa hivi, tunalikuta.

"Limebaki pindo moja na nusu," akasema Bibi.

"Huyu mama atalimalizia. Anajua, umemuona."

"Anajua. Nadhiri si yake."

"Mama, tunakwenda kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu."

"Unakwendaje kwenye nyumba ya mtu ambaye bado hujamtimizia uliyomwahidi? Ukifika mlangoni unamwambia nini?"

Baba akasema hilo halimo katika vitabu. Umra ni sahihi hata hivyo, na nadhiri ina wakati wake, na amewahi kumuuliza shekhe. Alisema yote kwa utulivu, sauti yake ya ofisini. Bibi aliendelea kupitisha sindano yake nene ya mikeka, juu na chini.

"Mwenyezi Mungu anaijua nia yako," Baba akamaliza.

"Anaijua," akasema Bibi. "Ndiyo maana nashona."

Nilifikiri Baba atapandisha sauti. Badala yake alibaki amechuchumaa, anaangalia vidole vya Bibi, ambavyo vina yabisi na havikunjiki vizuri, na kila mshono ulikuwa unamwangusha sindano. Simu ikaita tena. Aliitazama mpaka ikanyamaza, akaizima, akaitia mfukoni. Akasogea kwenye kivuli kwa yule mama, akachukua fungu la thomu, akaanza kutoa mizizi kwa kucha, vibaya.

"Si hivyo, mwanangu," yule mama akamwambia, akampa kisu.

Mimi nilikuwa nimepania kuuona mpaka. Sijawahi kutoka nchi hii, na nilishawaambia wenzangu skuli nitawaletea hiki na kile. Nilikaa juu ya ukuta nikahesabu nzi. Nikasema, labda tungetafuta mwanamke mwengine aliyejinadhiria vitu vidogo, kama leso. Hakuna aliyecheka, isipokuwa yule mama, na yeye hakuelewa. Alicheka kwa kuwa mimi nimesema kitu na ni mtoto.

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mitende Bibi alipofunga uzi wa mwisho. Aliuingiza mkeka mwenyewe, akatutoa sote mlangoni. Tuliusikia ukitandikwa. Aliponiita, nilikuta umefika ukuta kwa ukuta, isipokuwa pembe moja, ambapo udongo umefanya tumbo. Bibi aliikanyaga ile pembe kwa kisigino. Ikainuka. Akaikanyaga tena. Ikainuka.

"Ukuta wao ndio mbaya," nikasema.

"Nyamaza," akasema, lakini alikuwa ameridhika. Alisali pale Maghribi, peke yake, kwa sababu wa pili hapati nafasi. Mimi nilisali mlangoni, nusu yangu nje, harufu ya thomu ndani ya pua, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na la kusema. Huenda ni ile thomu.

Mabaki ya mkeka Bibi alimwachia yule mama, afanye atakalo. Yule mama akayashukuru, halafu akasimama na ufunguo mkononi, hafungi.

"Dada yangu," akasema, "nisikufiche. Mvua ikinyesha kule kwengine kunavuja. Thomu yangu nitairudisha humu."

Baba akafumba macho.

"Nilinadhiria kutandika," akasema Bibi. "Hicho utakachoweka juu yake, chako na Mola wako."

Yule mama akafunga mlango. Waliagana kwa mikono miwili, wakaombeana, na Bibi akakubali kichane kikubwa cha thomu ambacho kilikaa mapajani mwangu njia nzima. Dereva teksi aliamka tulipofungua milango. Akamuuliza Baba tunakwenda wapi, na Baba, ambaye tangu simu kuzimwa hakuwa amesema zaidi ya maneno matatu, akamgeukia mama yake.

"Sasa naweza kwenda umra," akasema Bibi.

"Basi limekwenda, Mama."

"Najua. Nimesema naweza. Sikusema leo."

Tukarudi Ibra kwa teksi ile ile. Mabegi yetu yalifika Makka bila sisi, yakarudi na zamzam ya watu wengine imemwagikia ndani. Bibi alikwenda Shaabani iliyofuata, na Baba, kwa basi jengine. Mimi hakunichukua, alimchukua Shangazi. Alisema vyoo vya njiani mtu anaweza kuvumilia, maneno yangu hapana.